Nani Hasa Anaambiwa Apunguze Nyama?

Tangu Denmark ilipoafikiana mwaka wa 2024 kuwatoza wafugaji wake kodi kwa ajili ya gesi zinazotolewa na mifugo, habari hiyo imetufikia Kisumu na Nakuru ikiwa imebadilika sura njiani. Wapo wanaosema kwamba kila mwenye ng'ombe duniani atalipishwa. Wapo wanaosema kwamba Wazungu, waliochafua hewa kwa viwanda vyao, sasa wanataka Mwafrika aache nyama. Na wapo wanaocheka tu, kwa kuwa kodi ya ushuzi wa ng'ombe ni jambo ambalo hata mtu mzima hawezi kulisoma akiwa amekaza uso. Kodi yenyewe itaanza kutozwa mwaka wa 2030, inawahusu wafugaji wa Denmark, na anayeilipa ni mfugaji wala si mlaji. Hata hivyo, swali lililo nyuma ya mzaha huo ni halali: je, ulaji wa nyama unaharibu mazingira kweli, na kama ni kweli, ushauri wa kupunguza nyama unamhusu vipi mtu anayenunua robo kilo pale Kondele, mtaa wa Kisumu, mara moja kwa wiki?

Ushauri huo una msingi imara wa kisayansi. Shida yake ni kwamba mara nyingi hutolewa kwa mkupuo, kana kwamba ng'ombe wote ni sawa na walaji wote ni sawa. Takwimu zinazosambazwa huhesabu mambo matatu tofauti: gesi inayotolewa na kila ng'ombe, gesi inayotokana na kila kilo ya chakula, na gesi inayotokana na kila mlaji. Anayechanganya hesabu hizo tatu anaweza kuthibitisha karibu lolote analotaka, na wengi hufanya hivyo bila kujua.

Tuanze na istilahi. Gesi joto ni gesi zilizomo hewani ambazo huzuia sehemu ya joto linalopaa kutoka ardhini lisipotelee angani. Zinazotuhusu hapa ni tatu. Kaboni dioksidi hutoka hasa tunapochoma mafuta, makaa ya mawe na misitu. Nitrasi oksidi hutoka kwenye samadi na mbolea za viwandani. Na methani, ambayo ndiyo kiini cha mjadala huu, hutoka kwenye mabwawa ya matope, mashamba ya mpunga, majaa ya taka, visima vya gesi na matumbo ya wanyama wanaocheua.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo wanacheua. Nguruwe na kuku hawacheui, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua mengi katika hesabu zinazofuata. Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne, na katika kile kikubwa zaidi wanaishi vijidudu wasiohesabika ambao huvunja nyuzi ngumu za majani ambazo binadamu hawezi kuzimeng'enya. Kazi hiyo huacha hidrojeni, na kundi moja la vijidudu huiunganisha na kaboni, ikawa methani. Mnyama hana matumizi nayo, kwa hiyo huitoa kwa kinywa na pua anapopumua na kupiga mbweu. Kinachotoka nyuma ni sehemu ndogo sana, na kwa hiyo wanaocheka habari za ushuzi wanacheka wakiwa wametazama upande usio wake.

Methani haikai hewani muda mrefu. Baada ya takriban miaka 12, sehemu kubwa ya ile iliyotolewa leo itakuwa imevunjika, ilhali kaboni dioksidi huendelea kuwepo kwa karne nyingi. Lakini katika muda wake mfupi ina nguvu kubwa: ikipimwa kwa kipindi cha miaka 100, kilo moja ya methani hupasha joto mara 28 hivi kuliko kilo moja ya kaboni dioksidi, na ikipimwa kwa miaka 20, huzidi mara 80.

Hapa ndipo mfugaji makini huuliza swali ambalo wataalamu wengi hulipita haraka. Kaboni iliyo katika nyasi ilitoka hewani, ng'ombe akala nyasi, akairudisha hewani. Mzunguko umefungwa, kosa la ng'ombe liko wapi? Hoja hiyo ni sahihi nusu. Kaboni ni ile ile, lakini iliingia katika nyasi ikiwa kaboni dioksidi na ikarudi hewani ikiwa methani, na kwa miaka hiyo 12 tofauti ya nguvu ni kubwa. Kundi la ng'ombe lisiloongezeka kwa miongo mingi hushikilia joto lililokwisha kuongezeka bila kuongeza jipya kwa kasi, kwa kuwa methani mpya huchukua nafasi ya ile inayovunjika. Kundi linalokua, kama lilivyo kundi la dunia nzima kutokana na mahitaji ya nyama na maziwa kupanda, huongeza joto jipya kila mwaka. Na kundi likipungua, nafuu huonekana mapema, jambo ambalo haliwezekani kwa kaboni dioksidi. Kwa sababu hiyo methani imepewa uzito mkubwa katika mazungumzo ya tabianchi, ingawa mafuta, makaa ya mawe na gesi asilia ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa zaidi ya lawama. Mwaka wa 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria kwamba mifugo yote, pamoja na malisho yake na samadi yake, huchangia asilimia 14.5 ya gesi joto zinazosababishwa na binadamu. Makadirio ya shirika hilo hilo ya mwaka wa 2023 yalitaja asilimia 12 hivi. Anayekuambia kwamba ng'ombe ndiye chanzo kikuu amekosea, na anayekuambia kwamba ng'ombe hana neno amekosea vilevile.

Sasa turudi kwenye zile hesabu tatu. Chukua matatu ya abiria 14 inayotoka Kisumu kwenda Kakamega. Iwe imejaa au ina abiria watatu, hupanda hadi Kiboswa na kupita Mbale kwa mafuta yanayokaribiana. Ukiuliza matatu imechoma lita ngapi, utapata jibu moja. Ukiuliza kila abiria amechoma kiasi gani, utapata jibu jingine kabisa. Ng'ombe naye hutumia sehemu kubwa ya chakula chake kujiweka hai, kutembea na kupata joto, na hutoa methani kwa chakula hicho hata asipotoa tone la maziwa wala kuongeza gramu ya nyama.

Watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, yenye makao yake Nairobi, walifuatilia ng'ombe wa wakulima wadogo wa Nyando, karibu na Kisumu, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2018 walikadiria kwamba ng'ombe jike mkubwa wa huko hutoa kilo 28 hivi za methani kwa mwaka. Makadirio yanayotumiwa kimataifa kwa ng'ombe wa maziwa wa Amerika Kaskazini huzidi kilo 120. Kwa hesabu ya kwanza, basi, ng'ombe wetu ni msafi kuliko wa Marekani mara nne, na mtu anayeishia hapo ataondoka akiwa ameridhika. Lakini ng'ombe wa Marekani hutoa kwa wastani zaidi ya lita 10,000 za maziwa kwa mwaka, naye wa kienyeji wa Nyando hukamuliwa lita moja au mbili kwa siku, tena ndama akishanyonya. Ukigawanya, mambo hugeuka. FAO ilikadiria mwaka wa 2017 kwamba kila kilo ya maziwa ya Kenya hugharimu hewa gesi zenye nguvu ya karibu kilo 4 za kaboni dioksidi, wakati wastani wa dunia ni kilo 2.5 hivi.

Yeyote aliyeuona uwanda wa Kano, huko huko Nyando, mwezi wa Februari, kabla ya mvua kuanza, anajua sababu. Ng'ombe huzunguka kutwa kwenye mashamba ya mpunga yaliyovunwa, akivuta mabua makavu yaliyobaki, mbavu zikihesabika, na jioni hurudi akiwa amechoma nguvu nyingi kutafuta chakula kuliko alizopata kwa kukila. Mwaka wa 2020 ilichapishwa kazi nyingine ya ILRI kuhusu maksai wa aina ya Boran waliolishwa chini ya mahitaji yao, nayo ilionyesha kwamba mnyama mwenye njaa hutoa methani nyingi zaidi kwa kila kilo ya chakula anachokila, hata kama jumla yake ni ndogo. Ni haki pia kuongeza kwamba ng'ombe wa Kano hakufugwa kwa ajili ya maziwa pekee. Hulima, hutoa samadi, hulipa karo, hutolewa mahari. Kumgawanya kwa lita za maziwa peke yake ni kumwonea.

Hesabu hiyo ya pili, ya kila kilo ya chakula, ndiyo iliyo nyuma ya picha na michoro mingi inayosambazwa. Msingi wake mkubwa ni utafiti wa Joseph Poore na Thomas Nemecek uliochapishwa mwaka wa 2018, ambao ulikusanya takwimu za mashamba takriban 38,700 katika nchi 119. Kwa wastani wao, gramu 100 za protini kutoka kwa ng'ombe wa nyama zilitoa gesi zenye nguvu ya kilo 50 za kaboni dioksidi. Kutoka kwa ng'ombe wa maziwa waliomaliza kazi ya kukamuliwa, kilo 17. Kutoka kwa kuku, chini ya kilo 6. Kutoka kwa mayai, kilo 4 na kidogo. Na kutoka kwa nafaka za jamii ya kunde, chini ya kilo moja. Mengi ya mashamba hayo hayako Afrika, kwa hiyo tarakimu zenyewe zisichukuliwe kuwa za Njoro au Bungoma, lakini mpangilio wake hautageuka hapa, kwa kuwa unatokana na tumbo la mnyama. Kuku hacheui. Maharagwe hayana tumbo.

Kutokana na mpangilio huo zimezuka imani kadhaa ambazo zinahitaji kurekebishwa. Ya kwanza ni kwamba nyama ya ng'ombe wa malisho ya wazi lazima iwe nafuu kwa mazingira kuliko ya ng'ombe wa zizini. Ina faida zake nyingi, lakini mnyama wa malisho hukua polepole, na kila mwaka anaoongeza kabla ya kuchinjwa ni mwaka mwingine wa methani. Nyingine ni ile ya maji. Hudaiwa kwamba kilo moja ya nyama ya ng'ombe hunywa zaidi ya lita 15,000 za maji, na watu huona ng'ombe akiumaliza mto Njoro peke yake. Takwimu hiyo ipo kweli, lakini zaidi ya asilimia 90 ya maji hayo ni mvua iliyonyesha kwenye nyasi na mimea ya malisho, mvua ambayo katika sehemu nyingi ingenyesha pale pale ng'ombe awepo asiwepo. Kuhusu imani kwamba kinachochafua hewa ni kusafirisha nyama kutoka mbali, jibu ni fupi: kwa nyama ya ng'ombe, usafiri ni chini ya asilimia moja ya mzigo wote. Nyama iliyochinjwa mtaani kwako haipati msamaha kwa kuwa haikupanda lori.

Suala la misitu linahitaji uangalifu zaidi. Katika Amazon, kufyeka msitu ili kupata malisho ya ng'ombe ndiyo sababu kuu ya uharibifu, na gharama hiyo imo ndani ya zile kilo 50. Msitu wa Mau, unaolisha mito ya Nyando, Sondu na Mara pamoja na mto Njoro unaoingia Ziwa Nakuru, nao umepata hasara kubwa. Jopo la serikali lililoripoti mwaka wa 2009 lilisema kwamba takriban robo ya eneo lake ilikuwa imepotea katika miongo miwili iliyotangulia. Lakini sehemu kubwa ya hasara hiyo ilitokana na ugawaji wa ardhi, makazi na mashamba, pamoja na ukataji wa miti kwa mbao na makaa. Mifugo ililishwa humo, ndiyo, ila si haki kukichukua kisa cha Amazon kikavishwa Mau.

Hesabu ya tatu, ya mlaji, ndiyo inayojibu swali la Kondele, na kwa maoni yangu ndiyo inayosahaulika zaidi. Mmarekani wa kawaida hupata zaidi ya kilo 100 za nyama za aina zote kwa mwaka. Mkenya hupata takriban kilo 15. Mwaka wa 2019 jopo la wanasayansi la EAT-Lancet lilipendekeza mlo unaoweza kuilisha dunia bila kuiharibu, na kiwango chake kilikuwa gramu 14 za nyama nyekundu na gramu 29 za kuku kwa siku. Ukizijumlisha kwa mwaka mzima, unapata karibu kilo 16. Kwa maneno mengine, Mkenya wa wastani tayari yuko pale ambapo dunia inaombwa ifike, ingawa kwa mpangilio tofauti, maana sisi hula ng'ombe zaidi na kuku kidogo kuliko jopo lile lilivyokusudia.

Wastani, hata hivyo, huficha watu. Mwanamke anayeingia bucha ya Kondele saa kumi na moja jioni na kusema, "Nipimie robo, unichanganyie na mfupa," ananunua kitoweo cha watu watano, na sehemu ya uzito huo itabaki kwenye sahani ikiwa mfupa mtupu. Kumwambia huyo apunguze nyama kwa ajili ya tabianchi ni kukosa adabu, na kama ana watoto wadogo au ana ujauzito, ni ushauri wa hatari, kwa kuwa nyama na samaki humpa madini ya chuma ambayo mwili huyapokea kwa urahisi, na pamoja na maziwa na mayai humpa vitamini B12 ambayo mimea haina. Sasa wachukue marafiki wanne wanaokutana kila Jumamosi mahali pa nyama choma Nakuru na kuagiza kilo mbili. Kwa mwaka wamemaliza kilo 104, yaani kilo 26 kwa kila mmoja, hapo bado hatujahesabu kilicholiwa nyumbani na mchana kazini. Ushauri wa kupunguza nyama uliandikwa kwa ajili ya watu kama hao, na hauwatakii njaa. Jumamosi mbili za kuku katika mwezi tayari zinaleta tofauti.

Hesabu hiyo hiyo huwatetea watu wa matanga, ambao siku hizi hulaumiwa kwa kila kitu. Fahali wa kilo 250 hutoa nyama na mifupa ya kilo 125 hivi, na katika mazishi ya Siaya au Vihiga huliwa na watu 300, wengine wakiwa hawajaonja nyama mwezi mzima. Kila mmoja amepata chini ya nusu kilo. Unaweza kuzipinga gharama za matanga kwa sababu nyingine, nami ninazo zangu, ila hoja ya mazingira ni dhaifu.

Kwa anayetaka kupunguza, Magharibi mwa Kenya ni mahali rahisi kuliko miji mingi inayotoa ushauri huo. Omena, dagaa wa Ziwa Victoria, ni protini isiyocheua, huanikwa juani bila moto wala friji, na inasikitisha kwamba kiasi kikubwa chake hupelekwa viwandani kikasagwa kuwa chakula cha kuku na nguruwe badala ya kuliwa na watu. Osuga, yaani mnavu, iliyolazwa katika maziwa, mrenda uliopikwa kwa munyu wa kienyeji, kunde, ndengu na maharagwe vimo sokoni Kibuye kila siku. Maharagwe yana kasoro moja ambayo michoro ya kigeni haiioneshi: yakichemshwa kwa muda wa saa tatu juu ya jiko la makaa, sehemu ya faida yake kwa mazingira hupaa na moshi, na mkoba wa mpishi huumia pia. Kuyaloweka usiku kucha hupunguza muda wa moto, na zipo aina zinazoiva upesi, kama Nyota ya taasisi ya utafiti wa kilimo ya KALRO, ambayo pia ina madini mengi ya chuma na zinki.

Upande wa mfugaji una nafasi kubwa zaidi kuliko upande wa sahani, na hapa Kenya ndipo ningeelekeza nguvu. Kilimo ndicho chanzo kikubwa zaidi cha gesi joto za nchi hii, na ndani yake matumbo ya mifugo ndiyo yanayoongoza, ingawa mchango wa Kenya yote ni chini ya asilimia moja ya gesi za dunia. Ng'ombe wawili walioshiba mimea ya malisho kama napia na desmodiamu, pamoja na nyasi kavu zilizohifadhiwa tangu msimu wa mvua huweza kutoa maziwa mengi kuliko watano wanaokonda, kwa methani pungufu kwa kila lita. Vifo navyo vina hesabu yake. Ndama anayekufa kwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, ameondoka na mwaka mzima wa malisho ya mama yake bila kuacha mtamba wala kilo ya nyama, na ng'ombe anayezaa mara moja kwa miaka miwili au mitatu ni matatu inayokwenda Kakamega tupu. Chanjo ya ndigana ipo, kuogesha mifugo kwa dawa ya kupe kunajulikana, na nyasi zinaweza kukatwa na kukaushwa kabla ya Januari. Mfugaji wa Kano akifanya hayo atakuwa anatafuta maziwa na karo kwanza, methani ikifuata nyuma, nami sioni ubaya wowote katika mpangilio huo.